Kipandikizi Hufa kwa Kiu

Visanduku vya umeme vya kuoteshea miche, vyenye waya wa joto chini na mfuniko angavu juu, vilibuniwa kwa ajili ya bustani za nchi za baridi, na huko vina kazi ya kweli. Mwezi Februari udongo wa Uingereza huwa baridi mno, kipandikizi hakiwezi kutoa mizizi, hivyo mtunza bustani hununua joto la nyuzi 18 hadi 24 na kuliweka chini ya shina. Linalosumbua akili ni kwamba Roger Leakey, Mwingereza aliyetumia miaka mingi kuotesha vipandikizi vya miti ya tropiki na kuongoza utafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-misitu, jijini Nairobi miaka ya 1990, hakuweka waya wowote katika kisanduku alichokieleza pamoja na wenzake mwaka 1990. Aliweka mawe na maji. Mtu anayeijua kazi hii kiasi hicho anapoacha kifaa ambacho wengine hukitaja kwanza, inafaa tumuulize sababu kabla hatujafungua pochi.

Kisanduku chake ni fremu ya mbao iliyozungushiwa nailoni angavu pande zote, hata chini, ili kisivuje. Ndani hupangwa mawe makubwa, kisha madogo, kisha kokoto, na juu kabisa mchanga safi. Maji humiminwa yakajaa katikati ya mawe bila kuufikia mchanga; mchanga huyanyonya kutoka chini taratibu, ukabaki na unyevu na hewa kwa pamoja. Hewa hiyo ni muhimu, kwa kuwa kitako cha shina kinachokaa katika tope huoza kabla ya kutoa mzizi. Mfuniko ukibana, hewa ya ndani hushiba mvuke na jani halipotezi maji ovyo. Sasa tazama joto linafanya nini hapo. Hewa ya nyuzi 20 hushiba kwa takriban gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo; ikifika nyuzi 30 huhitaji gramu 30 hivi. Ukiongeza joto bila kuongeza maji, umeikausha hewa na kulikamua jani. Kwa mkulima wa Tanga, Mombasa au Kisumu, ambaye udongo wake tayari una joto, kulipia umeme ili kupata hasara hiyo ni kujitwisha mzigo bure.

Lakini katika kazi yote ya Leakey, ninalolihusudu zaidi ni jani. Sisi tumelelewa na muhogo: unakata pingili, unaichomeka, inaota. Ndiyo maana wengi huchukua tawi la mti wowote, hulinyofoa majani yote na kulishindilia ardhini, kisha hushangaa linapokauka. Pingili ya muhogo hubeba akiba ya wanga ndani ya shina. Chipukizi laini la mti wa mbao halina akiba kama hiyo, na chakula cha kujenga mizizi lazima kipikwe siku hizo hizo na jani lililobaki. Leakey na mwenzake Coutts walilipima jambo hili kwa Triplochiton scleroxylon, mti wa mbao wa Afrika Magharibi, wakachapisha matokeo mwaka 1989. Kipandikizi kisicho na jani kilimaliza wanga wake na kushindwa kuota. Jani kubwa nalo lilipoteza maji mengi kuliko yale ambayo shina lisilo na mizizi lingeweza kuvuta, na jani dogo mno halikulisha vya kutosha. Kwa mti huo kipimo kizuri kilikuwa sentimita 50 za mraba, karibu sawa na karata moja. Basi mkasi unaopunguza jani kwa uangalifu unafanya kazi ambayo waya wa joto hauwezi kuifanya, na hauhitaji umeme.

Atakayepinga atataja Limuru na Njombe, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli, na hoja yake ina nguvu. Huko joto la chini huharakisha mizizi, na anayeuza miche kwa msimu anaweza kurudisha gharama. Anunue kisanduku chenye kidhibiti joto, apime nyuzi ndani ya mchanga badala ya hewani, achague mfuniko mrefu usiogusa majani, na asiache mchanga ukauke. Hata hivyo mashamba ya chai ya Kericho na Mufindi, nako kwenye baridi, yameotesha vipandikizi kwa miongo mingi chini ya nailoni na kivuli tu, kwa subira ya miezi kadhaa. Mwingine atasema kisanduku kilichofungwa hufuga ukungu. Hufuga, kama majani yaliyodondoka hayaokotwi na mchanga haubadilishwi. Tena bila kivuli jua la saa sita hukigeuza tanuri, na hapo hakuna kipandikizi kinachopona.

Lipo ambalo mawe na maji hayajalijibu. Katika Usambara Mashariki kuna msambu, Allanblackia stuhlmannii, ambao mbegu zake hutoa mafuta yenye soko. Mbegu huota kwa kusuasua, na mti dume hauzai. Mkulima aliyepanda mbegu hungoja miaka mingi kabla ya kujua alichopanda. Kipandikizi cha mti jike unaofahamika kingemaliza kitendawili hicho. Ila matawi ya mti mzima ni magumu kutoa mizizi, na machipukizi laini yanayokubali hupatikana vizuri zaidi baada ya kuukata mti wenyewe ili kisiki kichipue. Nani atamwambia mwenye shamba aukate mti wake bora unaozaa, na nani atamfidia mavuno hadi miche ianze kuzaa?