Je, Wajua? Kundi la Ulinganisho

Kundi la ulinganisho ni watu wanaoingia katika jaribio la tiba au kinga bila kupewa kinachojaribiwa. Lisipokuwapo, haijulikani kama mtoto amepona kwa dawa au angepona tu. Jaribio kubwa la aina hii lilifanyika kusini-magharibi mwa Kitale, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga. Kati ya 2012 na 2014 waliandikishwa wajawazito 8,246, ili ijulikane kama klorini kwenye maji, choo, kunawa mikono na nyongeza ya lishe, kimoja kimoja au kwa pamoja, huwakinga watoto dhidi ya kuhara na udumavu.

Nani apate nini iliamuliwa kwa kura. Vijiji vilikusanywa katika mafungu 702, kwa kuwa kura ya nyumba moja moja isingefaa: klorini iliyowekwa chemchemini hutumiwa na kila anayechota hapo. Pasipo kura, pengine choo kipya kingemwangukia mwenye shamba kubwa, na afya ya mwanawe ikahesabiwa kuwa kazi ya choo.

Palibaki tatizo la ziara. Wahamasishaji wa kijijini waliwatembelea akina mama kila mwezi, na kutembelewa tu huweza kubadili malezi. Ndiyo maana makundi ya ulinganisho yakawa mawili. Moja halikutembelewa na wahamasishaji. La pili, lililokuwa kubwa zaidi, lilitembelewa, lakini mtoto alipimwa mzingo wa mkono basi. Ni uangalifu ambao majaribio mengi huukosa.

Choo, hata hivyo, hakifichiki. Mama anajua alichopewa, na akiulizwa kama mwanawe aliharisha juma lililopita, shukrani inaweza kumjibia. Urefu uliosomwa kwenye ubao wa kupimia hauyumbishwi hivyo kwa urahisi.

Matokeo yalichapishwa 2018. Kuhara hakukupungua katika kundi lolote. Waliopewa lishe walirefuka kidogo kuliko wenzao, na kuwaongezea maji safi, choo na sabuni hakukuwazidishia chochote cha maana. Nchini Bangladesh, jaribio pacha lilionyesha kuhara kukipungua katika makundi yote isipokuwa lililopewa klorini peke yake. Huko wahamasishaji walifika nyumbani takriban mara 6 kwa mwezi.