Kabla ya Kutupa Ndoana: Namna ya Kulisoma Bwawa Usilolijua Wakati wa Masika

Masika yanapoanza, mito inayoshuka kutoka Milima ya Uluguru hubadilika sura. Ngerengere, Mzinga, Mgeta na Ruvu huacha ule mwendo wa upole wa kiangazi, hujaa, na kubeba maji yenye rangi ya udongo hadi mabondeni. Mabwawa hupanda, nyasi za kandokando huzama, na samaki waliokuwa wametulia kwenye kina huanza kusogea pwani. Wakati huohuo, wakazi wengi ambao si wavuvi wa kila siku huchukua mshipi na ndoana wakaenda kutafuta kitoweo, mara nyingi katika maji ambayo hawajawahi kuyavua.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Makala haya yanaeleza namna mkazi anavyoweza kulifahamu bwawa geni kabla ya kuvua, kwa nini majira haya yanahitaji uangalifu kuliko mengine, na mambo gani sheria inamtaka ayatimize. Tumechagua mifano miwili iliyo karibu nasi. Wa kwanza ni Bwawa la Mindu, lililopo ndani ya Manispaa ya Morogoro na linalolishwa na mito ya Uluguru. Wa pili ni Bwawa la Kidunda katika Mto Ruvu, ambalo mkataba wa ujenzi wake ulisainiwa Novemba 2022 na ambalo limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji. Mindu lina wazoefu wake, lakini kwa anayefika mara ya kwanza ni geni. Kidunda litakuwa geni kwetu sote.

Kwa nini samaki husogea pwani

Katika nchi za baridi, wavuvi husubiri majira ya kuchipua, maji yapate joto, ndipo samaki wasogee kwenye kina kifupi kuzaliana. Kwetu joto hutofautiana kidogo tu katika mwaka, hivyo mvua ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kutoa ishara.

Kambale huisikia ishara hiyo kuliko wote. Maji yanapopanda na kufunika majani ya ukingoni, kambale wakubwa hutoka usiku, huingia kwenye nyasi zilizozama na midomo ya mito, na kutaga mayai yanayonata kwenye majani. Mayai hayo huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili, na wazazi hawayalindi. Jike mmoja mkubwa hubeba makumi ya maelfu ya mayai. Usalama wa mayai hayo unategemea nyasi zile zisichomwe, zisifyekwe wala zisikanyagwe.

Perege ana desturi nyingine. Dume huchimba shimo la mviringo kwenye mchanga au tope la kina kifupi na kulilinda. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani na kuyaatamia humo hadi vifaranga waweze kuogelea. Kwa kuwa kinywa kina nafasi ndogo, mayai yake ni machache, kwa kawaida mamia tu. Mvuvi anayemtoa jike wa perege majini akaona punje za manjano zikimwagika kutoka kinywani mwake, ajue kwamba ameondoa mama pamoja na kizazi chake chote.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Yuko samaki wa Amerika ya Kaskazini aitwaye bass, ambaye aliletwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Dume wa samaki huyo hulinda kiota chake, na wavuvi wa huko Marekani wamejifunza kuwa dume akiondolewa hata kwa dakika chache, samaki wengine huvamia na kula mayai. Samaki anayezaa ni rahisi kumvua, kwa sababu hakimbii. Urahisi huo ndio unaotudanganya.

Kulisoma bwawa

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Wazungumze wavuvi wazoefu, viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale kilipo, na kina mama wanaonunua samaki mwaloni. Hao wa mwisho hujua vizuri kuliko wengi ni samaki gani anatoka, wa ukubwa gani, na mtumbwi unaoleta shehena nzuri umetokea upande upi. Uliza pia mkondo wa zamani wa mto ulikuwa wapi, maana bwawa ni bonde lililozama, na mto wake ungali chini. Wakati wa jua kali na wakati wa baridi samaki wakubwa hupenda kukaa kandokando ya mkondo huo.

Hatua ya pili ni kutembea ukingoni, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni mwisho wa kiangazi. Maji yakiwa yameshuka, bwawa hufichua sakafu yake: visiki, mawe, mitaro, mashamba ya zamani. Weka alama kwa kutazama vitu vya nchi kavu visivyohama, kama vile kilele cha mlima au mti mkubwa. Masika yakifika na maji yakafunika kila kitu, utakuwa na ramani kichwani. Visiki ni makazi ya samaki, lakini pia hutoboa mitumbwi na kunasa nyavu.

Hatua ya tatu ni kupima kina. Chukua kamba, ifunge jiwe, na uipige fundo kila baada ya mita moja. Kipimo hiki cha gharama ndogo kitakuonyesha panaposhuka ghafla. Usiamini kumbukumbu ya mwaka jana: mito ya Uluguru huleta mchanga na tope kila mvua inyeshapo, na Bwawa la Mindu limepoteza sehemu ya ujazo wake kwa sababu hiyo. Mahali palipokuwa na kina panaweza kuwa kilima cha tope leo.

Hatua ya nne ni kutazama. Baada ya mvua kubwa, maji ya rangi ya udongo huingia kwa mdomo wa mto na kukutana na maji meupe zaidi ya bwawa. Kwenye mpaka huo samaki hula wadudu na minyoo walioletwa na mto. Watazame ndege: mnandi anapozama mara kwa mara, korongo anaposimama bila kuondoka, hapo pana samaki wadogo, na wakubwa hawako mbali. Angalia pia upepo. Upepo unaovuma kwa saa nyingi husukuma chakula kuelekea ng'ambo, na samaki hukifuata. Hata hivyo, upepo wa mchana huleta mawimbi, kwa hiyo aliye kwenye mtumbwi mdogo avue asubuhi na arejee mapema.

Kwa chambo, perege hupenda donge dogo la ugali au minyoo kwenye ndoana ndogo yenye boya jepesi. Kambale hutaka ndoana imara, chubwi la kushusha chambo hadi chini, na chambo chenye harufu kama utumbo wa samaki au wa kuku. Wapo wanaotumia vipande vya sabuni kumvua kambale. Tunawasihi wasifanye hivyo katika bwawa la maji ya kunywa. Unapomtoa kambale kwenye ndoana, jihadhari na miiba miwili ya mapezi ya kifuani.

Midomo ya mito iachwe

Mtu aliyesoma hadi hapa atakuwa amegundua kwamba mahali tulipomwonyesha samaki wapo ndipo pia samaki wanapozaa. Hilo ndilo jambo kuu la makala haya. Maarifa ya kulisoma bwawa yanamfaa mvuvi kwa njia mbili: kujua pa kuvua, na kujua pa kuacha.

Tunashauri kwamba katika wiki za kwanza za masika, mvuvi asizibe mdomo wa mto kwa wavu wala kwa uzio wa migono, asivue ndani ya nyasi zilizofurika, na awarudishe majini majike wa perege wenye mayai kinywani. Bado yapo maeneo ya wazi, kingo za mawe na kandokando ya mkondo wa zamani ambako mtu mwenye subira hapungukiwi na kitoweo.

Historia inatupa onyo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 kwenye bonde la Mto Pangani, lilitoa samaki kwa wingi wa ajabu katika miaka yake ya mwanzo. Sababu inajulikana: nchi inapozama, majani, samadi na udongo wake huoza na kurutubisha maji, mwani husitawi, na perege hula mwani huo wakaongezeka upesi. Wavuvi walimiminika kutoka mbali. Lakini rutuba ya mwanzo haidumu. Ilipopungua, wavuvi walikuwa wameshakuwa wengi, matundu ya nyavu yakapunguzwa ili kufidia upungufu, na mavuno yakaporomoka. Tangu hapo Serikali imelazimika zaidi ya mara moja kulifunga bwawa hilo kwa muda ili samaki wapumzike. Bandubandu huisha gogo. Kidunda litakapojaa, nasi tutaona miaka ya neema. Anayeikumbuka Nyumba ya Mungu hatajenga maisha yake yote juu ya neema hiyo.

Yapo mambo mengine mawili ya kukumbuka. Kwanza, usihamishe samaki hai kutoka bwawa moja kwenda jingine. Sato, mwenye mistari ya wima mkiani, ameenea katika mabwawa mengi ya nchi kwa kupandikizwa, na anapokutana na perege wa asili wa mabonde yetu huzaliana naye, hata asili ikapotea. Pili, usitumie sumu. Utupa na dawa za mashambani huua wakubwa, wadogo na mayai kwa pamoja, na maji hayo ndiyo yanayofika mabombani.

Sheria inataka nini

Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake za mwaka 2009. Anayevua kwa ajili ya biashara anatakiwa kuwa na leseni ya uvuvi, na chombo chake kisajiliwe na kiwe na leseni. Sumu, baruti, kokoro na nyavu za matundu madogo, vikiwemo vyandarua vya mbu, ni marufuku. Kabla hujanunua wavu, fika kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri akueleze ukubwa wa matundu unaoruhusiwa katika bwawa unalokusudia. Ushauri huo hutolewa bure, lakini wavu haramu hukamatwa na kuteketezwa.

Bwawa la maji ya kunywa lina masharti yake zaidi. Ulizia kibali kwa mamlaka inayolisimamia, na usikaribie tuta wala mnara wa kuchotea maji. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto, ziwa au bwawa. Shamba lililolimwa hadi majini humwaga udongo pale pale kambale anapotaga.

Usalama wako

Konokono wanaoeneza kichocho huishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, yaani mahali palepale mvuvi wa ukingoni anaposimama. Vaa mabuti ya mpira, epuka kusimama majini hasa wakati wa mchana jua linapowaka, na usijisaidie majini wala kandokando yake. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya mapema, kwa kuwa kichocho kina tiba.

Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kuokolea maisha, hata kama unajua kuogelea. Usiende peke yako katika maji usiyoyajua, na mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi. Wakazi wa mwambao wa Ruvu wanafahamu kwamba mto huo una mamba na viboko. Bwawa litakapowapanulia makazi, nao watatanda.

Wanaotaka ushauri zaidi wafike ofisi ya mtendaji wa kata, ambako wataelekezwa kwa Afisa Uvuvi. Tunawahimiza hasa vijana wa vijiji vilivyo jirani na Kidunda waanze sasa kujadili, katika mikutano ya vijiji, namna watakavyounda kikundi cha kusimamia uvuvi na maeneo ya mazalia watakayoyatenga. Ni rahisi kukubaliana juu ya mdomo wa mto kabla mtu yeyote hajaweka wavu wake hapo kuliko baada ya nyavu mia moja kutegwa.