Rangi ya Pikseli Isiyoonekana

Je, wajua kwamba pikseli isiyoonekana kabisa inaweza kuwa na rangi, na kwamba mara nyingi rangi hiyo ndiyo inayoharibu stika zako za WhatsApp? Hilali ya Idi inacheza vizuri juu ya mandhari nyeupe. Igeuze mandhari iwe nyeusi, na pembeni mwa hilali kunajitokeza ukoko mweupe. Watu husema simu imechoka. Simu haina kosa.

Tuanze na GIF, muundo wa picha uliotolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987 na kupewa uwazi katika toleo la 1989. Kila fremu hutumia rangi zisizozidi 256, na moja kati ya hizo hutengwa iwe wazi. Hakuna nusu: pikseli ama ipo, ama haipo. Lakini ukingo wa mchoro laini ni nusunusu kwa asili yake. Chukua ua jekundu lililochorwa juu ya nyeupe. Pikseli ya ukingoni, nusu ua nusu nyeupe, inakuwa ya waridi. Ua likihamishiwa juu ya nyeusi, pikseli hiyo ilipaswa kuwa damu ya mzee, ila GIF haijui hivyo. Inabaki waridi, na jicho linaiona mara moja.

Dawa yake ni alfa: namba ya nne baada ya zile tatu za rangi, kuanzia 0 hadi 255, inayoeleza pikseli inafunika kwa kiasi gani. Wazo hilo ni la Alvy Ray Smith na Ed Catmull, mwishoni mwa miaka ya 1970. PNG na WebP zote zinalo, na dizaina wengi wakifika hapo hudhani kazi imekwisha. Kumbe katika PNG rangi na alfa huhifadhiwa mbalimbali. Pikseli yenye alfa 0 bado ina rangi yake, pengine nyeupe iliyosahauliwa na mchoraji. Programu inapopunguza mchoro hutafuta wastani wa pikseli jirani, na isipokuwa makini, ile nyeupe iliyofichika huingia kwenye hesabu. Ukoko unarudi, safari hii bila GIF. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walieleza hesabu safi: zidisha rangi kwa alfa kwanza, ndipo uchanganye. Nyeupe mara sifuri ni sifuri, kwa hiyo asiyeonekana hapigi kura.

WhatsApp inataka stika ya pikseli 512 kwa 512, na inayocheza isizidi kilobaiti 500. Ikizidi, wengi hukimbilia kubana rangi. Mimi ningepunguza fremu. Mchezo ukikwamakwama kidogo unavumilika kuliko ukingo uliotafunwa.

PNG inayocheza, yaani APNG, ilibuniwa Mozilla mwaka 2004. Wasimamizi wa PNG wakaikataa mwaka 2007. Firefox iliipokea 2008, Chrome 2017, na ni 2025 tu ilipoingizwa rasmi kwenye kanuni za PNG. Muda wote huo tumelishwa GIF, na ukaidi wa kamati umechangia.

Uzembe wetu wenyewe nao upo. Nembo ya shule au ya duka huchorwa, hulipiwa, kisha faili la awali hupotea na kompyuta ya dizaina. Inayobaki ni JPEG iliyozungushwa kwenye magrupu, na JPEG haina alfa. Mwaka unaofuata analipwa mtu mwingine aikate upya kwa mkono. Dai faili lenye alfa siku ileile unayolipa, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama dokumenti, si kama picha.

Matumizi yenyewe ni mengi: stika, nembo pembeni mwa taarifa ya habari, kadi za harusi za simu, michezo, alama za kusubiri ukurasa ufunguke, maandishi juu ya video. Kwa video, MP4 ya kawaida haibebi alfa. WebM ya VP9 inabeba.