Bunduki ya kuwindia koyote

Bunduki ya kuwindia koyote huchaguliwa hasa kulingana na umbali. Koyote (kwa Kilatini: Canis latrans) ni mnyama wa familia ya mbwa anayeishi Amerika Kaskazini na ya Kati. Ana kilogramu 9 hadi 20 hivi, kwa hiyo hahitaji risasi nzito, lakini ana hadhari nyingi na hukaribia kwa shida.

Katika nyanda za wazi za magharibi mwa Marekani wengi hutumia raifoli ya .223 Remington au .22-250 Remington. Risasi nyepesi ya hiyo ya pili hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 1,100 kwa sekunde, hivyo haishuki sana njiani. Ile ya .243 Winchester (1955) haipeperushwi sana na upepo, ila huweza kuipasua vibaya ngozi, hasara kwa anayetaka kuiuza.

Vichakani, ambako koyote huvutwa karibu kwa filimbi inayoiga kilio cha sungura, shotigani yenye marisau makubwa hufaa zaidi. Kupita mita 40 hivi marisau hutawanyika, na mnyama hukimbia na majeraha akafie mbali.

Tangu mwaka 2019 jimbo la California limepiga marufuku kuwinda kwa risasi zenye madini ya risasi, kwa sababu husumisha ndege wanaokula mizoga.