Randa ya mashine inapoharibu mbao, kagua meza kwanza

UKIPITA asubuhi kando ya Barabara ya Jogoo, au ukikatiza Gikomba na Kariobangi, mlio wa randa za mashine hukulaki kabla hujaona meza wala kitanda. Kwa mafundi seremala wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, mlio huo ndio riziki.

Hata hivyo, mashine iyo hiyo isiporekebishwa ipasavyo, mbao mbili zilizokusudiwa kushikana kwa gundi huacha mwanya katikati, viungo huachana baada ya muda, na mteja humrudishia fundi kazi aliyokwisha kuilipia. Mbao nazo si za kuchezewa. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyowekwa Februari 2018, iliwafunza mafundi thamani ya kila ubao, na funzo hilo halikufutika serikali ilipotangaza kuiondoa Julai 2023.

Je, fundi aanzie wapi?

Randa hii ina meza mbili: ya kuingizia ubao na ya kuupokea. Katikati yake huzunguka silinda yenye visu. Meza ya kuingizia hushushwa kidogo, na tofauti hiyo ndiyo kina cha mkato. Milimita moja hutosha kwa kazi nyingi. Meza ya kupokea, kwa upande wake, sharti iwe sawasawa na ncha ya kisu kinapofika juu kabisa. Hapa ndipo penye chanzo cha makosa mengi.

Ikiwa meza ya kupokea iko chini mno, mwisho wa ubao huangukia visu unapoiacha meza ya kwanza, ukaachwa na kishimo. Ikiwa iko juu mno, ubao hugonga ukingo wake, au hupanda polepole na kutoka ukiwa umebinuka.

Kabla ya kurekebisha chochote, zima mashine na ukate umeme kabisa. Kisha weka kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kupokea, kikipita juu ya visu, na uzungushe silinda kwa mkono. Kila kisu kinapaswa kukisogeza kijiti kwa umbali mdogo ulio sawa, takriban milimita tatu, upande wa kulia, katikati na kushoto. Kisu kinachokisogeza zaidi kimechomoza; kisichokigusa hakifanyi kazi yoyote. Legeza skrubu, kisawazishe, ukaze tena na kupima upya, kwani kukaza kwenyewe huweza kukisogeza kisu.

Ubao wenyewe pia husema. Mawimbi madogo yanayoukatiza huonyesha kwamba kisu kimoja tu ndicho kinachokata, au kwamba fundi anausukuma kwa pupa. Mstari mwembamba uliotuna kutoka mwanzo hadi mwisho ni alama ya pengo kwenye makali, aghalabu kwa sababu ya msumari uliosahaulika ndani ya mbao kuukuu. Kisogeze kisu kimojawapo kando kidogo ili mapengo yasifuatane, kisha upange siku ya kuvinoa vyote. Nyuzi zikinyofoka, geuza ubao ili ukatwe kwa kufuata nyuzi zake, na upunguze kina.

Kwa mbao za kuunganishwa, tumia guni kuhakikisha kwamba kiegemeo cha ubavuni kimesimama wima juu ya meza. Kikiwa na kosa dogo, pitisha ubao wa kwanza uso wake ukielekea kiegemeo, na wa pili ukikipa mgongo. Pembe hizo mbili hufidiana, na mwanya hutoweka.

Kosa jingine ni kudhani kwamba randa hii husawazisha unene. La. Kazi yake ni kunyoosha uso mmoja na ubavu mmoja. Anayepitisha nyuso zote mbili huweza kuishia na ubao mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Unene ni kazi ya mashine nyingine.

Mwisho, vidole. Visu hivi huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zifunikwe. Kifuniko kisiondolewe kwa kisingizio cha haraka. Tumia kisukumio cha mbao, usivae glavu wala mikono ya shati inayoning'inia, na usipitishe kipande kifupi kuliko sentimita 30.

Dakika 20 za kupima asubuhi huokoa mbao za juma zima. Tena, ubao ulioharibika hununuliwa mwingine. Kidole hakina duka.