Mji wa Chini ya Bahari

Kijana akiinamia kompyuta usiku, sisi akina mama huuliza kama amemaliza kazi za shule. Mchezo wenyewe una nini ndani, hatuulizi. Tuutazame mmoja, BioShock, uliotolewa mwaka 2007.

Mchezaji hujikuta Rapture, mji uliojengwa chini ya bahari na tajiri Andrew Ryan. Huyu alichoshwa na serikali, kodi na dini. Mjini mwake kila mtu ajitafutie, na kumhurumia jirani ni udhaifu. Watungaji waliyachota mawazo hayo katika riwaya ya Ayn Rand, Atlas Shrugged, ya mwaka 1957, kisha wakaonyesha yanakofikisha: mji unavuja maji na watu wanawindana kama wanyama. Tena Ryan, mhubiri wa uhuru, ndiye aliyewanyonga wafanya magendo, na katika mizigo yao zilikuwamo Biblia!

Linalotugusa zaidi ni wasichana wadogo wa mji huo. Walichukuliwa yatima, wakafanywa visima vya Adam, kitu kinachompa mtu nguvu za ajabu. Mchezaji akimpata mmoja huchagua: amuue apate vipimo 160, au amponye apate 80. Wengine husema ni picha tu. Sisi hatukubali upesi hivyo, maana mkono unaobonyeza ni wa mwanao.

Ulaya mchezo huu ni wa wenye miaka 18 na zaidi. Mdogo wa hapo asiuguse. Aliyekwisha kuucheza, kaeni naye mezani wewe na baba yake, mmuulize bila kufoka: yule mtoto ulimfanya nini, na kwa nini?