Dereva wa Lori Akichoka Moyo

Watu wengi hudhani ya kuwa dereva wa lori huacha kazi kwa moja ya mambo matatu: amepata ajali, amefukuzwa, au uzee umemfikia. Twapenda leo kusema habari ya jambo la nne, ambalo haliandikwi katika faili la ofisi yo yote wala halitajwi katika mikutano ya wenye magari. Ni habari ya mtu mzima mwenye miaka 20 au 25 barabarani, macho yake mazima na leseni yake safi, ambaye asubuhi moja huutazama usukani akaona hana haja nao tena. Si mgonjwa wala si mlevi, wala hakugombana na mtu. Hamu ya safari imemwisha.

Matajiri wenye magari humwita mtu huyo mvivu, au husema kwamba ameshiba. Sisi hatukubali neno hilo. Mvivu hawezi kudumu miaka 20 katika kazi ya namna ile. Angalikwisha kukimbia katika mwaka wa kwanza. Aliyedumu hata nywele zikaingia mvi, kisha akachoka, yampasa kila mwenye akili auulize uchovu wake umetoka wapi, maana haukuzaliwa naye.

Tuichukue njia moja tuijuayo sote, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, kilomita zaidi ya 900, kisha ikavuka kwenda Nakonde, Kapiri Mposhi na Ndola, hata mpakani Kasumbalesa kuingia Kongo. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao wa uwongo tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta imezibwa pumzi, kwa kuwa mafuta yake yalipita kusini. Ndipo malori yalipoanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam, na kurudi na shaba. Barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Masika ilikuwa tope la kumeza magurudumu, na kiangazi vumbi la kumficha dereva asimwone mwenziwe aliye mbele. Waandishi wa Ulaya waliipa jina la Mbio za Jehanamu. Bomba la mafuta hadi Ndola lilimalizika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya hapo uzito wote uliangukia migongo ya madereva wale.

Hatutaki kuipamba jehanamu. Wengi walikufa katika njia ile, na makaburi ya wengine hayajulikani na mtu. Lakini wale waliosalia walijua jambo moja ambalo dereva wa leo haambiwi: walijua mzigo wao ni wa nini. Pipa lililofika Lusaka lilikuwa pipa la kuiweka nchi jirani hai. Dereva alipoingia mkahawani Mbeya, uso mweupe kwa vumbi, watu walimpisha kiti.

Dereva wa siku hizi hushusha kutoka Kongo shaba na kobalti, madini ambayo dunia nzima yayagombania kwa ajili ya nyaya na betri za magari ya umeme. Ukimwuliza amebeba nini, hujibu tu kwamba amebeba mzigo. Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Kwa ofisi iliyomtuma yeye ni namba ya gari na nukta inayotembea juu ya kioo, maana siku hizi gari lina chombo cha kutoa habari zake saa zote. Akisimama kando ya njia kujinyosha mgongo, simu hulia: "Mbona umesimama?" Kwa mtu aliyeichagua kazi hii ujanani kwa sababu alitaka kuwa bwana wa nafsi yake mchana kutwa, swali hilo humwuma kuliko njaa. Twajua kwamba chombo kile hukamata wezi na hupunguza mwendo wa wendawazimu, wala hatusemi king'olewe. Twasema kinatumika kumharakisha mtu, hakitumiki kumlazimisha apumzike, ingawa kingeweza kufanya yote mawili.

Kisha kuna kungoja. Msomaji asiyepata kukaa katika foleni ya mpakani hawezi kuujua uzito wake. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwezi Oktoba 2019 ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili, na ni jambo jema. Lakini foleni ni mdudu mwenye miguu mingi. Hati ikikosa muhuri, mtambo wa forodha ukizimika, wakala akilala, gari halisogei. Mwezi Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na madereva wakakaa katika magari yao wakiogopwa kama wakoma, huku wao ndio waliokuwa wakileta vyakula na dawa. Na hata pasipo ugonjwa, kuna mizani njia nzima, kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, ambako gari na mzigo wake havitakiwi kuzidi tani 56. Mzigo hakuupakia dereva, lakini ukizidi, aulizwaye kwanza ni yeye.

Sasa fikiri hesabu yake. Dereva hupewa posho ya safari, fungu moja la kwenda na kurudi. Tuseme safari yataka siku 12. Fungu latosha, na kidogo hubaki kwa nyumba. Safari hiyo hiyo ikawa siku 25 kwa sababu ya foleni, fungu halikuongezeka hata senti, bali siku 13 amekula, ameoga kwa kulipia, amelala kwa kulipia au juu ya kiti, na amelilinda gari usiku. Siku hizo 13 amezitoa bure. Kwa nani? Kwa mwenye gari, na kwa mwenye mzigo aliye mbali zaidi. Kijana wa miaka 28 hustahimili, akitumaini safari ijayo. Mtu wa miaka 48 amekwisha kuzijua safari zijazo. Hapo ndipo hamu hufa, wala haifi kwa kishindo, hupungua kama mafuta katika tangi lililotoboka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema waziwazi: saa za kawaida ni 45 kwa juma na 9 kwa siku, na mfanya kazi ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka na maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa mkataba wake namba 153 mwaka 1979, wa madereva hasa: asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku wala 48 kwa juma, asipitishe saa 4 pasipo kupumzika, na katika kila saa 24 apate 10 mfululizo za mapumziko. Mataifa machache tu yaliuridhia. Saa hizo hazikutungwa na watu laini. Zilitungwa kwa kujua kwamba macho ya binadamu yana kiasi chake.

Na tukitaja maandishi, hatuna budi kukumbusha mwaka 2015. Mwezi Aprili, na tena mwezi Mei, madereva wa mabasi na wa malori waligoma, miji ikasimama. Wengi walikumbuka shida ya usafiri siku zile, na wengine walikumbuka ubishi juu ya amri ya kurudi chuoni kila leseni inapoisha. Lakini dai lililokuwa kiini ni kupewa mikataba ya kazi. Hebu tazama ajabu hii: watu wanaokabidhiwa gari na shehena ya mali nyingi hivyo, waligoma ili waandikiwe karatasi moja inayosema kwamba wameajiriwa!

Karatasi hiyo si pambo. Ili mfanya kazi apate pensheni ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yataka awe amechangiwa miezi 180, yaani miaka 15. Mtu aliyeendesha miaka 25 kwa matajiri sita, wawili wakamchangia na wanne wakamlipa mkononi, aweza kufika mwisho akakuta miezi yake ni 70. Kwa hiyo dereva aliyechoka moyo hawezi kuacha. Huendelea. Nasi twaona kwamba hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu asiyeipenda tena kazi yake, wala hana njia ya kutoka, ndiye aliyepewa kuuteremka mlima wa Kitonga na shaba mgongoni, breki zikianza kunuka, na basi la abiria liko mbele yake. Uangalifu wa dereva hauko mguuni tu. Watoka katika kujali, na kujali kukiisha, mguu hufuata.

Kuchoka huku si kwa Waafrika peke yao. Marekani, hadi miaka ya 1970, udereva wa malori ulikuwa kazi ya kumjengea mfanya kazi nyumba, maana chama chao kilikuwa na nguvu na mkataba wa nchi nzima tangu mwaka 1964. Mwaka 1980 ilipitishwa sheria ya kulegeza masharti ya biashara hiyo, makampuni yakazuka kwa maelfu, bei zikashuka, na mishahara ikashuka pamoja nazo. Wengi wao hulipwa kwa maili, hivi kwamba gurudumu lisipozunguka mfuko nao hukauka, kama vile wenzao wa Tunduma. Huko makampuni hulia kwamba madereva hawapatikani, na huku madereva hutafuta mlango wa kutokea.

Tuseme na upande wa pili, maana tusipousema watatwambia tumefumba jicho moja. Madereva wapo wanaojivunia kuondoka Dar es Salaam alfajiri na kulala Tunduma, kama kwamba ni ushujaa. Wapo wanaoliachia gari literemke Iwambi bila gia ili kubana mafuta, kisha mafuta hayo yakauzwa njiani kwa madumu. Wapo wanaomtumia utingo kama mtumwa, alale chini ya tela huku wao wakilala ndani, na baadaye hushangaa kwamba kijana hakujifunza heshima ya kazi. Haya ni makosa yao, na posho ndogo haiwezi kuyaosha yote.

Lakini mwenye uwezo wa kubadili mpango wa kazi si utingo wala dereva. Na tusifichane, ndugu wanachama: miongoni mwa wenye malori wamo wenzetu, tunaokaa nao mikutanoni na kuimba nao nyimbo za umoja wa wafanya kazi. Kwao twasema yafuatayo pasipo kuzunguka. Siku ya foleni ilipwe kama siku ya kazi. Njia ndefu ipewe madereva wawili, si mmoja na nusu. Michango ipelekwe kila mwezi, na dereva aonyeshwe hesabu yake bila kuomba. Na yule aliyepita miaka 20 bila ajali asiachwe mpaka achoke kabisa. Apewe njia fupi iliyo karibu na nyumbani, au awekwe chuoni na karakana kuwafundisha wanaoanza, kwa mshahara usio wa kumdhalilisha.

Wenye vyama vya wafanya kazi nao wasingoje dereva aje ofisini mjini. Hana siku ya kuja. Wamfuate Makambako, wamfuate Mpemba, wakae naye katika foleni ile usiku mmoja, wakiwa na daftari la kuandikia majina ya wasio na mikataba. Taratibu za mpakani zikimzuia hapo siku tatu, watakuwa na wakati wa kutosha wa kuyaandika yote.